Neno la Misheni na Ng'ombe wa Mjomba

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Jua la Ugogo lilikuwa limetukausha hata mate, na mimi ndiye binti wa kwanza wa kijiji kusoma Kiingereza kwa Waingereza wa misheni. Basi nilijishaua mpaka nikachosha watu. Kisa neno moja tu, "keep". Mwalimu alitufundisha kwamba ni kufuga kuku, ni kutunza mali ya mwenzio, ni kushika ahadi, ni kuhifadhi siri. Tena ni kuchukua kitu kikawa chako moja kwa moja. Nyumbani nililikariri kutwa, situlii.

Wadachi walikuwa wakijenga reli. Mjomba wangu akatoroka kazi ya kubeba mataruma ya kulazia reli, akaingia porini. Amri ikatoka: ng'ombe wa watoro wachukuliwe. Sasa sisi Wagogo, mtu haweki mifugo yake yote zizi moja. Mwingine humpa shemeji amlelee, akamue maziwa, na habari hiyo haitangazwi. Mjomba alibakiwa na ng'ombe mmoja, mwekundu, naye alikuwa zizini kwetu. Maziwa yake ndiyo yaliyowaweka hai wanawe mwaka ule wa njaa.

Askari wakaja na bwana wao Mdachi, pamoja na mwalimu wangu waliyemchukua awe mkalimani. Mwalimu aliponiona akamnyooshea kidole ng'ombe yule, akaniuliza kwa Kiingereza, "Binti, huyu mwekundu ni wa nani?"

Ulimi ukaniwasha, mwanangu, we acha tu. Jibu nilikuwa nalo: baba anamtunza, si wake. Nilitaka mwalimu aone neno lake limeniingia. Nikafungua mdomo. Bibi, mama yake baba, alikuwa kando yangu akipepeta uwele. Kiingereza hajui, lakini mjukuu wake anamjua. Akanifinya paja mpaka machozi yakanitoka, kisha akamjibu mwalimu kwa Kigogo, "Anazaa hapa, anakamuliwa hapa."

Mwalimu akamtazama bibi, akanitazama mimi, akatafsiri hivyo hivyo. Wakaenda zao. Mimi nikabaki kulitazama vumbi lao mpaka likatulia.

"Maana zote za neno lako umetukaririsha," bibi akasema, ungo haujatoka mkononi. "Ile ya siri ulikuwa umeiacha wapi?"

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Mvua ziliponyesha mjomba akarudi, mifupa mitupu. Baba alifungua zizi akamtolea ng'ombe wake, na ndama nyuma yake. Mjomba alilia kama mtoto, nami nikaliona lile neno likitembea kwa miguu minne.

Kwa hiyo soma, mwanangu, soma sana, lakini usikimbilie kuonyesha unachokijua. Kwanza angalia nani anauliza, na nani atalala njaa ukijibu. Mungu akujalie ulimi wenye subira, na ulichokabidhiwa na wenzio kizalie mikononi mwako.