Spika Juu ya Sanduku la Mwanangu

Aibu hii nimeificha vya kutosha, acheni niiseme: nilifukuzwa wodi ya watoto njiti hapa Moshi, mchana kweupe, nikiwa na suti, mke wangu akiangalia.

Mnanijua. Niliondoka Kibosho na begi moja la mgongoni, nikarudi kutoka Dubai na stashahada ya ufundi wa sauti (imetundikwa sebuleni, karibuni muione), na leo harusi isiyo na spika zangu, kuanzia Himo mpaka Mabogini, hiyo ni kikao tu. Basi mwanangu wa kwanza akazaliwa kabla ya wakati, mdogo mno, akawekwa kwenye sanduku la joto, na mama yake, Upendo, akawa anashinda pembeni akimtazama kupitia plastiki. Siku hiyo daktari alikuwa ameruhusu amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa mara ya kwanza. Upendo alioga mara mbili.

"Baba, humu tunanong'ona, na simu unazima," nesi aliniambia mlangoni.

"Sista, sauti ndiyo kazi yangu."

Sasa kwetu mjukuu wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu, na baba yangu, Mzee Aminieli, alikuwa kule mlimani anasubiri kumwita mwenyewe. Nesi alipokwenda kumletea Upendo kiti, nikapiga simu. Lakini sauti ya mzee itoke kama ya mbu, nami nipo? Nikatoa spika yangu ndogo ya mfukoni, nikaiunganisha, nikaiweka juu ya sanduku.

"Baba Ami, usifanye hivyo," Upendo akaninong'oneza.

Mzee masikio yamechoka, kwa hiyo huongea kama yuko ng'ambo ya korongo. "AMINIELI! Amka mbe, amka bwana, ni babu yako!"

Na sanduku, jamani, ndilo linalokuza sauti, hilo ni somo la kwanza kabisa la stashahada yangu. Mtoto alirusha mikono, akajikunja, akaacha kupumua. Mashine ikapiga kelele, watoto wengine wakaanza kulia (vilio vyembamba, havisahauliki), mzee bado anauliza, "Amesikia? Amesikia?", nami natafuta kitufe, mpaka spika ikaanguka sakafuni ikiendelea kuongea.

"Toka!" Nesi hakunong'ona.

Alimsugua nyayo, mtoto akarudi kupumua, ashukuriwe Mungu. Lakini daktari akasema asitolewe tena siku hiyo, apumzike. Nikiwa nje, kupitia kioo, nilimwona Upendo akifunga vifungo vya gauni lake, kimoja kimoja, na nesi akikirudisha kiti.

Jioni nikamwomba Upendo radhi. "Ile ilikuwa siku yangu," alisema, basi.

Siku alipokuja kumweka mtoto kifuani, hakuniita. Niliambiwa na nesi.

Nimeapa sitaingia tena palipo na mtoto mchanga nikiwa na simu, spika wala majivuno. Ami yuko nyumbani sasa, mzima, ananenepa. Ila kila nikifika mlango wa chumba chao, Upendo huweka kidole mdomoni hata kabla sijasema neno.