Mara ya Kwanza Kuumikwa

Mume wangu alipochukuliwa kuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, kwenda vitani, nilibaki peke yangu katika chumba cha kupanga pale Kilole, mjini Korogwe. Ndugu zangu wote walikuwa Kwedizinga, upande wa Handeni. Nilikuwa nikifua nguo nyumbani kwa Mhindi mmoja mwenye duka. Masika moja bega la kulia likakaza. Nikawa navaa gauni kwa kujipindapinda, na hapakuwa na wa kunishikia.

Mke wa mwenye duka ndiye aliyenielekeza kwa bibi mmoja Msambaa, mwenyeji wa Kerenge, aliyekuwa akiumika watu kwa pembe za ng'ombe nyumbani kwake nyuma ya stesheni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeshawahi kuumikwa?"

"Sijawahi."

"Umekula?"

Nilidhani dawa inataka tumbo tupu. Nikasema sijala.

"Basi hatuanzi. Mwenye njaa huniangukia hapahapa."

Akanipa uji, akakaa mbele yangu mpaka nikaumaliza. Ndiyo maana mtu akiniambia anakwenda kuumikwa kwa mara ya kwanza, humwambia ale kwanza, na aone wembe ukipitishwa motoni mbele ya macho yake, kama bibi alivyofanya.

Akanifuta mgongo kwa maji ya vuguvugu. Akabandika pembe, akavuta hewa kwa mdomo kwenye tundu la nchani, akaliziba kwa nta. Ngozi ikavutwa kwa nguvu, ikakaza. Baadaye akaibandua, akanichanja chale ndogo, akairudisha ivute damu. Chale zilikuwa kama kukwaruzwa na miiba, si zaidi.

Ambacho sikukitegemea ni machozi.

"Unaumia?"

"Hapana, bibi."

Alikuwa ameweka kiganja chake mgongoni kwangu, akingoja pembe ivute. Tangu mume wangu aondoke hakuna mtu aliyekuwa amenigusa. Bibi hakuuliza tena, wala hakukiondoa kile kiganja.

Alipomaliza akaniagiza: "Leo usioge, wala usibebe ndoo. Kesho mwenzio akukande kwa kitambaa cha moto, aziepuke chale."

"Sina mwenzangu."

"Jirani?"

"Yupo, lakini hatujazoeana."

"Basi kamzoee."

Usiku huo nililala kifudifudi. Kesho yake nilisimama mlangoni kwa jirani muda mrefu kabla sijapiga hodi. Alinikanda vizuri, ila harakaharaka, chakula chake kikiwa motoni. Nikashukuru, nikarudi chumbani. Masika hayajaisha, jirani akahamia mashamba ya mkonge na mumewe.

Bega lilifunguka polepole. Nilirudi kwa bibi mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeshapona. Nikamwambia bado linauma. Akauinua mkono wangu, ukapanda wote bila shida. Hakutoa pembe. Aliteleka maji, akaniambia nivue gauni begani, akanikanda mpaka maji yakapoa.