Mlinzi Aliyekataa Dawa

Mume wangu Safari ni mlinzi wa maduka Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na kwa ubishi hana mpinzani toka Gerezani hadi Magomeni. Leo amenenepa, ubishi uko palepale, nami namshukuru Mungu kwa vyote viwili.

Enzi za ruksa, biashara huria ilipojaza mitaa bidhaa za kila nchi, wezi nao walifurahi, ndipo akapata kazi. Mimi nilikuwa nauza vyombo mezani karibu na lindo lake. Alinunua vikombe asivyovihitaji mpaka nikamwonea huruma, nikakubali kuolewa.

Mwaka dawa za UKIMWI zilipoanza kutolewa bure tulipima pamoja. Mimi sikuwa na virusi, yeye alikuwa navyo, na kinga yake ilikuwa imeshuka sana. Nesi Severa akamtaka aanze dawa mara moja. Safari akakataa.

"Nesi, mimi nabeba gunia la mchele peke yangu. Askari wangu wa mwilini wako kazini."

"Tatizo ndilo hilo, kaka Safari," Severa akasema. "Hawapumziki. Virusi vinazaliana kwenye seli chache tu, lakini mwili unapiga kelele, seli za kinga zinakuja mbio kutoka kila upande. Nyingi zinafia kwenye vurugu hiyo, hata zile ambazo kirusi kimeshindwa kuzaliana ndani yake. Zikipasuka zinaamsha kelele upya, nyingine zinakuja, nazo zinakufa. Kinga yako inajimaliza yenyewe."

Safari alikasirika kama aliyetukaniwa ukoo. Yeye mlinzi, aambiwe walinzi wake wanajimaliza! Alinung'unika njia nzima. Mimi niliuona ujane unapiga hodi, na mwenye nyumba anabishana.

Wiki ileile mtu akakwapua sufuria moja mezani kwangu. Safari akapuliza filimbi. Loo! Wakaja wachukuzi, wauza mitumba, wateja, hata mzee Umakant wa duka la vitambaa na fimbo yake ya kupimia. Mwizi akateleza zake. Waliobaki wakakamatana wao kwa wao, kila anayekimbia akidhaniwa ndiye, na mzee wa watu akala ngumi ya mteja wake mwenyewe. Safari, kwa mazoea ya kazi, aliendelea kupuliza ili watu watulie, na kila akipuliza wanakuja wengine. Meza yangu ikaenda chini na vyombo vyote.

"Acha kupuliza!" nikamfokea.

Akaacha. Mtaa ukatulia taratibu. Akachuchumaa kwenye vigae vya vyombo.

"Mwizi kachukua sufuria moja," akasema. "Hivi vingine kavunja nani?"

"Waliokuja kunisaidia. Walewale uliowaita wewe."

Nikalia, na wala sikuwa nalilia sahani. Akaitia filimbi mfukoni, akaanza kuokota vigae.

Asubuhi alikuwa kwa Severa kabla yangu.

"Hizo dawa zinanyamazisha hizo kelele?"

"Zinazuia virusi visizaliane. Kelele zinapungua, kinga inapata nafasi ya kupanda. Ila ni kila siku, maisha yote."

Nyumbani nikamletea maji. Alishika kidonge bila kukimeza, huyu huyu anayekimbiza wezi.

"Zamda, haukuwa ubishi," akasema. "Naogopa."

"Najua," nikamwambia. "Kunywa tu. Tutaogopa wote wawili."