Keki ya Ghorofa Tatu na Gari Lililochemka

Shangazi yangu ni mwokaji wa keki, lakini ukimkuta asubuhi utadhani ni fundi wa gereji. Kabla hajagusa unga huwa amepiga magoti mbele ya gari lake kuukuu, kichwa chini ya bampa, visigino vikitazama barabara. Majirani wamemzoea.

"Mgonjwa ameamkaje leo?" humuuliza.

"Amekula, amekunywa, anawasalimu," hujibu bila kuinua kichwa.

Akishaegesha jioni, husukuma chini ya injini kipande cha karatasi ngumu nyeupe, ile ya kuwekea keki. Asubuhi hukivuta na kukisoma kama daktari anavyosoma picha ya mapafu. Doa jeusi ni oili. Doa la kijani lenye utelezi ni maji ya rejeta. Maji matupu ni jasho la kiyoyozi, hayo hayana neno. Halafu huchomoa kijiti cha oili, hukifuta, hukitumbukiza tena na kukisoma upya, maana anasema ukikichomoa mara ya kwanza hukudanganya. Na vichwa vya betri vikiota ule unga mweupe, huvisugua kwa mswaki wa zamani na soda ya kuokea iliyokorogwa na maji. Siku ya kwanza kuona hivyo nilimuuliza kama betri nayo itaumuka. Alicheka mpaka akakaa chini.

Naishi kwake tangu nianze sekondari, na maswali yangu ameshayazoea kama alivyonizoea mimi.

Sasa, ng'ambo ya kilima kuna ukumbi mkubwa wa harusi. Shangazi alikuwa amemwandama msimamizi wake kwa miezi, akitaka awe mwokaji wa ukumbi ule. Ndiyo ilikuwa ndoto yake, aache kuhangaika na keki moja moja za siku za kuzaliwa. Mwishowe yule baba akakubali kumjaribu. "Keki moja tu, mama. Ikifika nzima na kwa wakati, tutazungumza. Isipofika, tusisumbuane tena."

Ilikuwa keki ya ghorofa tatu. Mbili za chini tulizilaza kwenye buti, juu ya mkeka wa mpira ili zisiteleze. Ya juu, iliyojaa maua ya krimu, niliipakata mimi ndani ya boksi lake. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma na shangazi anaimba wimbo asioujua maneno.

Barabara ya kilimani ni nyembamba, ukuta huku, mtaro kule. Mbele yetu lori lilikuwa linapanda kwa kujikokota, nyuma yetu jingine linatusukuma kwa honi.

"Shangazi, huu mshale wa joto la injini huwa unakaa hapa?"

"Wapi?"

"Karibu na hiyo nyekundu."

Wimbo ukakatika. Alizima kiyoyozi hapo hapo. Mshale ukaendelea kupanda, na pa kusimama hapakuwepo.

"Shusha vioo vyote. Nawasha hita."

Nilidhani joto limempanda kichwani. "Hita? Na keki je?"

"Injini ikifa, hiyo keki itakwenda kwa mguu. Inua boksi!"

Akaelekeza hewa yote chini, miguuni. Nikanyanyua boksi mpaka likagusa dari, nimekaa kama mhudumu wa hoteli aliyesahaulika na trei yake. Upepo wa tanuri ukanipiga vifundoni.

"Shangazi, miguu inaiva!"

"Iache iive, haina krimu."

Lakini swali lilishanifika kooni. "Kwani hita inapoozaje?"

"Mtoto wewe! Hata sasa?" Hata hivyo akajibu, macho kwenye lori. Maji ya moto ya injini hupita kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi. Ukiwasha hita, feni yake huyapuliza yale maji, kama unavyopuliza chai, na joto linamwagikia ndani ya gari. "Halijapotea, limehama tu. Limetoka kwa injini, limekuja kwako."

Mshale ukasita. Kisha ukarudi nyuma, kiasi cha unywele.

Tulipofika juu shangazi aliingia kwenye uwanja wa mziba pancha, akazima gari na kufungua boneti. Mziba pancha mwenyewe akatujia mbio na kitambaa mkononi.

"Mama, tufungue kifuniko cha rejeta tumwagie maji, fasta tu!"

Shangazi akampiga kofi mkononi. "Kaka, ukitaka sura mpya nenda saluni. Hayo maji yana hasira, yatakurukia usoni. Tunasubiri yapoe."

Yule kaka akacheka, akarudisha kitambaa begani. "Haya mama, mimi ni wa pancha tu." Akaliona boksi langu, akanitengea kivuli ndani ya kibanda chake, juu ya rundo la matairi. Keki ya harusi ikakaa pale kama malkia gerejini.

Shangazi alichungulia chupa ya maji ya akiba ya rejeta. Yapo. Akakagua mipira yote ya kupitishia maji. Mikavu.

"Maji yapo na hayavuji," alisema. "Basi kwa nini limechemka?"

Nikakumbuka kwamba kwenye foleni, gari lile likipata joto, huunguruma mbele kama mashine ya kusaga. "Leo sikuisikia feni ya rejeta," nikasema. "Haikuunguruma hata kidogo."

Alinitazama, kisha akafungua kisanduku cha fyuzi. Kwenye kifuniko chake pamechorwa kila fyuzi na kazi yake. Akaingiza kibano chake cha kupambia keki, akachomoa ya feni. Kile kiwaya cha ndani kilikuwa kimekatika. Ya akiba hatukuwa nayo, ndipo akachomoa ya kupasha joto kioo cha nyuma, rangi ile ile, namba ile ile.

"Usiweke yenye namba kubwa zaidi," aliniambia. "Ukifanya hivyo, kitakachoungua si fyuzi tena, ni nyaya."

Akawasha gari. Feni ikakohoa, ikazunguka, ikaunguruma. Mziba pancha akapiga makofi, mimi nikaruka.

Tulifika wageni hawajaingia. Lakini ua moja la krimu lilikuwa limelala kama mlevi, na shangazi alikuwa bado analisimamisha kwa kisu jikoni pale ukumbini, msimamizi alipotokea.

"Ulipatwa na nini?"

"Gari lilichemka kilimani."

Nilimfinya. Si angesema foleni tu?

Msimamizi akaizunguka keki polepole. "Na hii?"

"Ua moja lililala, nimeliamsha."

"Lipi?" Akainama, akatafuta, akachoka. "Haya. Jumamosi ijayo nina harusi mbili. Utaziweza?"

Nusura nijibu mimi. Shangazi akafuta mikono taratibu. "Nitakupigia Jumatatu. Fyuzi haiungui bila sababu, na siahidi kitu mpaka fundi umeme aniambie ile feni ina nini."

Nikajua tumekwisha. Yule baba akakuna kidevu. "Wenzako huahidi haraka haraka, halafu mimi nabaki na maharusi wanaokata mkate. Nipigie."

Kurudi nyumbani tulikwenda mwendo wa pole, macho yangu kwenye mshale.

Jumatatu fundi umeme aliikuta mota ya feni imechoka, inazunguka kwa kukwama na kuvuta umeme kuliko kiasi. Akafunga nyingine na fyuzi mpya, na ile ya kioo cha nyuma ikarudi mahali pake. Shangazi alipiga simu mikono ikiwa imejaa unga, mimi nikimshikia sikioni.

"Zote mbili," alisema. "Ndiyo, baba. Zote mbili."

Akaniambia niende nikaoshe mikono, kuna maua mengi ya kutengeneza.