Goti la Mjomba Saidi

Juzi kwenye kivuko cha Pangani nilimwona mjomba Saidi akipanda kwa kuchechemea mguu wa kushoto. Nilimpa shikamoo huku nikitazama chini.

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja mashabiki wa timu ya Pongwe walikaa barazani kwa jirani yetu, wakinywa kahawa na kubishana watamzuia vipi mjomba, mshambuliaji wa Pangani, kwenye mechi ya jioni.

"Yule hakabiki," alisema beki wao.

Mimi nilikuwa nimetoka kumsaidia mama kumchua mjomba, na mikono yangu bado ilinukia mafuta ya karafuu. Nikawaambia, "Msimchezee vibaya jamani, goti lake la kushoto linamuuma."

Wote wakatazamana. Beki akanipa kipande cha kashata. Nikaila taratibu, nikiamini wamemwonea huruma.