Bi Nukta na Mgonga Meza

Watoto wa Bi Nukta waliacha kumwandikia ujumbe kwenye simu miaka mingi iliyopita; wanampigia. Wamechoka kusahihishwa. Binti yake mkubwa alipojifungua alimtumia habari njema kwa mistari miwili, akajibiwa pongezi, akajibiwa dua, kisha akaambiwa kwamba mwisho wa mstari wa kwanza palihitajika nukta. Jina la Bi Nukta, ambalo kazini walishampa zamani, siku hiyo likahamia na nyumbani.

Msimcheke. Mwanamke huyu alikuwa na miaka ishirini na sita ya kusoma prufu, yaani kurasa za majaribio kabla kitabu hakijachapwa, katika kampuni ndogo ya vitabu vya shule, na kazi ya prufu ni kutafuta makosa ya wenzako tangu asubuhi hadi jioni na kulipwa kwa hilo. Ukishaizoea, hata vibao vya maduka huvipiti kwa amani.

Katika kampuni ile prufu haikusomwa na mtu mmoja. Marehemu mwanzilishi aliweka sheria: watu wawili, meza moja. Mmoja anashika muswada wa mwandishi na kuusoma kwa sauti, na huyo alikuwa Bi Nukta. Mwingine anaifuata prufu kwa ncha ya penseli, neno kwa neno, na pale kilichochapwa kinapotofautiana na kinachosomwa, anagonga meza kwa kitako cha penseli. Ngo. Msomaji anasimama, anarudi mwanzo wa sentensi. Mfuataji alikuwa mzee mwembamba, mpole, wa shati lililonyooshwa hadi mfukoni, na kwa jinsi alivyoigonga meza ile hakuna aliyelikumbuka tena jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Mzee Ngo, na akaitika.

Kusoma kwenyewe kulikuwa na miiko. Msomaji wa prufu husoma bila chumvi, sauti imelala, mwendo mmoja. Ukianza kunogewa na habari, mwenzako naye ananogewa, macho yanateleza, kosa linapita. Bi Nukta alijivunia sauti yake isiyo na chumvi. Angeweza kukusomea tangazo la msiba na jedwali la kuzidisha, usijue moja limeisha saa ngapi na jingine limeanza lini.

Kisha mashine ya kuchapia ikauzwa.

Meneja aliwaita wote wawili ofisini. Alikuwa binti wa marehemu, na hao waliokaa mbele yake walimbeba akiwa na meno mawili, kwa hiyo aliwaamkia vizuri kabla ya kuwapa habari mbaya. Shule haziagizi vitabu kama zamani, alisema. Wazazi wana simu, walimu wana simu, vitabu vitaingia humo, vya kusoma na vya kusikiliza. Kulinganisha maandishi sasa kompyuta inamaliza kabla chai haijapoa. Mzee Ngo angemaliza mwezi ule na kuagwa kwa heshima zote. Bi Nukta angejaribiwa: asome kwa sauti sura tatu za kitabu cha Sayansi cha darasa la tano, zitumwe kwenye simu za shule kadhaa. Wanafunzi wakisikiliza hadi mwisho, anabaki. Wasiposikiliza, kompyuta ina sauti yake yenyewe, wala haiumwi mafua.

Mzee Ngo alishukuru, akatoka. Bi Nukta alitoka nyuma yake akiwa amejaa hasira na hofu, na hakujua kipi ni kikubwa. Umri wake ulikuwa hamsini na minne. Kazi nyingine hakuijua.

Sura ya kwanza aliirekodi katika stoo ya karatasi, maana rimu chache zilizobaki zilimeza kelele za barabarani. Alisoma kama alivyojua kusoma. Wiki iliyofuata Meneja alimgeuzia kioo cha kompyuta: wanafunzi mia mbili na kumi na wawili walifungua, tisa walifika mwisho. Mwalimu mmoja wa kike aliandika, kwa adabu nyingi, kwamba darasa lake ni zuri lakini dakika ya tatu lilianza kusinzia, na mtoto mmoja aliuliza kama mama anayesoma anaumwa.

Bi Nukta alikwenda chooni akalia. Tuseme kweli, alilia mpaka khanga ikalowa. Kisha akanawa, akaenda nyumbani, akajaribu kutia chumvi. Alisoma juu, akasoma chini, akanong'ona, akapaza. Binti yake alisikiliza hadi mwisho kwa mapenzi ya mtoto kwa mama, akasema imekaa kama mtu anayeuza sabuni kwa kipaza sauti.

Ni siku hiyo ndipo Bi Nukta alipong'amua kilichopungua. Miaka yote ile hakuwahi kusomea kiti kitupu. Kesho yake akamwomba Mzee Ngo, aliyebakiza siku tano za kazi, aje akae mbele yake katika stoo. Afanye nini? Akae tu. Mzee alikuja na penseli yake, kwa mazoea, akakaa juu ya rimu mbili.

Sura ya pili ilihusu maji na mvuke. Bi Nukta alisoma kwamba maji yakipata joto hugeuka mvuke, na kwamba ndivyo nguo zilizoanikwa zinavyokauka.

Ngo.

Alirudi mwanzo wa sentensi bila hata kufikiri. Alipofika palepale, ngo. Akaangalia kitabu. Hakikuwa na tatizo. Akamwambia Mzee, kwa sauti ya mtu anayejizuia, kwamba hapo hakuna kosa.

"Najua hakuna," alisema Mzee Ngo.

"Sasa unagonga nini?"

Mzee aliigeuza penseli mkononi.

"Sijaelewa," alisema. "Maji yakichemka yanakuwa mvuke, hilo naliona kwenye sufuria. Lakini shati langu nikilianika halichemki. Mbona linakauka?"

Bi Nukta aliisoma tena kimoyomoyo. Sentensi ile alikuwa ameisoma katika matoleo manne. Aliijua ilivyoandikwa hadi alama ya mwisho, wala haikuwahi kumpitia akilini kuwa ina swali ndani yake. Akamuuliza Mzee kama siku zote hizo, vitabu vyote vile, alikuwa anafuata bila kuelewa.

"Nilifuata herufi, mama. Herufi nazijua. Miaka ishirini na sita hakuna aliyeniuliza kama nimeelewa, na mimi nikaona haya kugonga kwa ajili hiyo."

Kuna watu wangecheka hapo. Bi Nukta alisikia uchungu, na chini ya uchungu aibu, kwa sababu na yeye alikuwa mlemle. Aliweka kitabu chini, akafikiri, akaanza polepole. Alisema chukua watu walioalikwa kwenye harusi. Sufuria ikichemka ni kama nyumba imeshika moto: wote wanatoka kwa mkupuo, wa chumbani na wa sebuleni. Shati kwenye kamba ni wageni wa kawaida: walio karibu na mlango wanaaga mmoja mmoja, wanakwenda zao, na bila fujo jioni nyumba ni tupu. Jua na upepo vinawahimiza tu.

Mzee alicheka kwa furaha ya kweli. Akasema kumbe ndiyo maana shati linakauka hata siku ya mawingu, ila kwa kuchelewa. Akasema endelea. Aligonga mara kumi na moja katika sura ile, na mara nyingine Bi Nukta ilimbidi aende ofisini kuuliza. Walipomaliza walirudia yote, Mzee akiwa kimya kabisa, wakapata rekodi safi, na hiyo safi nayo ilikuwa na uhai, kwa sababu sasa msomaji alijua anasema nini.

Basi, kwa kuwa simu ilikuwa ikirekodi tangu mwanzo, zikawa rekodi mbili ndani yake, yenye ngo na iliyo safi. Hapa mnapaswa kujua jambo moja la watu wa prufu. Prufu yenye alama, iliyochafuliwa kwa penseli kila upande, ndiyo inayopelekwa mbele, maana ndiyo yenye kazi ndani yake. Nakala safi inabaki kabatini. Bi Nukta alifanya hivyo kila siku ya Mungu kwa miaka ishirini na sita. Jioni ile kidole chake kikafanya hivyo tena. Alituma yenye ngo, akahifadhi safi, akaenda nyumbani moyo mweupe. Meneja hakuisikiliza. Kitu kilichopita kwa Bi Nukta, nani ajisumbue kukihakiki?

Aligundua asubuhi akinywa chai, alipoifungua ajisikilize. Ngo ya kwanza ilipolia, kijasho chembamba kilimtoka. Alikuja kazini karibu mbio, akamwomba Meneja aiondoe. Meneja aliiondoa, lakini wanafunzi zaidi ya mia walishaisikia, na maji yakimwagika hayazoleki. Uso wa binti yule ulikuwa umefungwa kama mlango wa benki siku ya Jumapili.

Ila kazi haikuwa tena kinachomuumiza Bi Nukta. Ndani ya rekodi ile mlikuwa na Mzee mwenyewe, sauti yake, akisema hajawahi kuelewa. Siri ya mtu aliyoificha nusu ya maisha yake alikuwa ameitawanya kwa watoto wa shule.

Alimkuta mezani akipanga vitu vyake kwenye boksi, akamweleza yote bila kujitetea.

"Watoto wamesikia?" aliuliza Mzee.

"Wamesikia."

Mzee alitikisa kichwa. Hakumlaumu, hakusema neno baya. Alivaa koti lake, akaondoka kabla ya adhuhuri akiwa amebakiza siku nne, na boksi akaliacha. Bi Nukta alitamani angemtukana.

Siku mbili zilipita. Siku ya tatu Meneja alikuja mwenyewe katika stoo, simu mkononi, akamwambia Bi Nukta akae asikilize. Alikuwa yule mwalimu wa kike, safari hii kwa ujumbe wa sauti. Alisema darasa lake lilisikiliza hadi mwisho, likataka irudiwe, likagombana kuhusu shati la mzee mpaka kengele ikalia. Tangu hapo, alisema, asiyeelewa hasemi kitu, anagonga dawati.

"Nina msichana mmoja," sauti iliendelea, "tangu mwaka uanze hajafungua mdomo darasani. Jana kwenye hesabu akagonga. Nimefundisha miaka kumi na moja nikiuliza 'mmeelewa?' na wote wananijibu 'ndiyo'. Mwambieni mzee wetu kwamba watoto wanamngojea. Na mimi pia, lile la shati sikulijua."

Meneja akasema wale waliowahi kuifungua kabla haijaondolewa, karibu wote walifika mwisho. Na tangu ameiondoa, shule nne zimemwandikia kuuliza imekwenda wapi.

Walimfuata nyumbani kwake wote wawili. Alikuwa uani, ameloweka nguo. Alikausha mikono, akausikiliza ujumbe mara mbili, na mara ya pili aligeuka akawapa mgongo. Walimwacha. Alipogeuka tena macho yalikuwa mekundu, na Meneja, ambaye biashara imo damuni mwake, akaanza haraka: arudi, na yeye atamwekea alama kitabuni kila mahali pa kugonga, ili isiwe kazi ngumu.

"Hapana, binti yangu," alisema Mzee Ngo. "Nikigonga mahali ninapoelewa, huo ni uongo. Watoto watausikia."

Meneja akauliza, na lilikuwa swali la haki, itakuwaje siku atakapoelewa kila kitu. Bi Nukta akajibu kwamba siku hiyo watamletea kitabu kigumu zaidi, na kama vikiisha vyote, basi atakuwa mfanyakazi wa kwanza wa kampuni kuachishwa kazi kwa kosa la kuelimika. Mzee alicheka. Meneja naye alicheka, na alipocheka alionekana tena yule mtoto wa meno mawili.

Jumatatu walikaa ofisini kuandika mikataba. Wa Bi Nukta ulikwisha upesi: msomaji. Kwa Mzee kalamu ya Meneja ilisimama. Cheo cha mfuataji hakikuwepo tena katika kampuni, kompyuta ilikuwa imekichukua. Alipendekeza msaidizi wa sauti, Mzee akakataa kwa upole. Alipendekeza mshauri, Mzee akasema hajawahi kumshauri mtu.

"Andika mwanafunzi," alisema.

Meneja alidhani ni mzaha. Alimtazama Bi Nukta, Bi Nukta akamtazama Mzee, na Mzee alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, hana mzaha hata kidogo.

"Haya," alisema Meneja, akitabasamu. "Mwanafunzi wa darasa la ngapi?"

"La tano," alisema Mzee Ngo. "La nne nililimaliza."

Meneja aliacha kutabasamu. Kisha akainama, akaandika.