Karatasi Tatu za Shaba

Mwanangu, siku niliyopewa kazi ya kutafuta nasaba ya farasi dume aitwaye Shaba bado naikumbuka, maana ndiyo siku niliyojiona msomi. Nilikuwa binti karani kwenye banda la farasi kule Tegeta, enzi hizo Tegeta ina vichaka vingi kuliko nyumba. Mwenye banda, mama mkali lakini mwenye haki, alitaka jike wake Lulu apandwe na Shaba, aliyekuwa amenunuliwa karibuni. Kwanza alitaka kujua kama hawana undugu.

Nikapata karatasi tatu: cheti alichonipa muuzaji, tangazo la gazetini na barua ya chama cha waendesha farasi. Zote zilisema Shaba kazaliwa Arusha, mbali na ukoo wa Lulu. Nikaandika ripoti safi, vichwa vya habari nikavipigia mstari kwa rula.

Mzee Kombo, mtunza farasi wetu, alimtazama Shaba usoni kwa muda, kisha akaniita.

"We binti, huyu mie kama namjua. Nywele zilivyojizungusha hapo kwenye paji, nishaziona Chanika. Kuna daktari wa mifugo kule, kila anayezaliwa mbele yake anamwandika daftarini. Kamuulize."

"Mzee wangu, karatasi tatu zimekubaliana. Chanika nikafuate nini?"

Kusema kweli, njia ya Chanika ilikuwa tope tupu na mie nilikuwa na viatu vipya.

Lulu akapandwa. Miezi kumi na moja baadaye akazaa mtoto mwenye miguu ya mbele iliyopinda. Tulimshikilia anyonye, lakini kusimama mwenyewe hakuweza. Siku ya tatu akaitwa daktari yuleyule wa Chanika, akamchoma sindano ya kumpumzisha milele. Lulu alikaa anazinusa nyasi alipolala mtoto wake mpaka jioni. Niliona aibu, na naiona hata sasa.

Daktari akafungua daftari lake, akalinganisha alama za Shaba. Shaba na Lulu walikuwa wa baba mmoja na mama mmoja, wote wamezaliwa Chanika. Hakusema kuwa undugu ndio uliopinda miguu ile; alisema huenda. Hiyo huenda imenitosha maisha yangu yote.

Ndipo nikafuatilia karatasi zangu. Barua ilinakili cheti, cheti kilijazwa kwa maneno ya muuzaji, na tangazo alilitoa muuzaji mwenyewe.

"Kwenu wakija kuposa," Mzee Kombo akaniuliza, "habari za bwana harusi mnamuuliza bwana harusi? Si mnakwenda kwa majirani! Hao mashahidi wako watatu wana mdomo mmoja."

Leo umenijia na simu, kurasa tatu zinamsifu dume unayetaka ampande Zuhura wako. Nimezisoma. Maneno ni yaleyale, hadi nukta. Kwa hiyo usizihesabu tatu. Uliza kila moja imeyatoa wapi. Mtafute aliyekuwapo farasi yule akizaliwa, asiyepata chochote akiuzwa, kisha simama mbele ya mnyama mwenyewe ulinganishe alama zake na maandishi. Usipojua jambo, andika sijui, si aibu.

Daktari alishafariki, lakini binti yake bado anaishi Chanika na madaftari anayo. Nenda hata kama kuna tope. Mungu akutangulie njiani, Zuhura azae salama, na mtoto wake asimame mwenyewe, bila mkono wa mtu.